Waliolazwa wodi za akili utotoni wasikilizwe, na mafaili yao yasichomwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwasemee watu ambao huku kwetu kusini hawaulizwi neno hata kwenye kikao cha ukoo: wale waliolazwa wodi za wagonjwa wa akili wakiwa watoto, na leo ni watu wazima wenye watoto wao.

Mwezi Julai 2024 serikali ya Nyuzilandi ilikiri kwamba watoto waliolazwa miaka ya 1970 katika hospitali yake ya wagonjwa wa akili ya Lake Alice waliteswa. Novemba 12 mwaka huohuo Waziri Mkuu, Christopher Luxon, akasimama bungeni kuomba radhi. Watoto wale walipigwa shoti ya umeme bila dawa ya usingizi, wengine si kichwani tu bali mapajani na hata sehemu za siri. Wengine walichomwa sindano za paraldehaidi, dawa inayouma vibaya. Hiyo ilikuwa adhabu iliyopewa jina la tiba: mtoto katoroka, kagombana, kajibu vibaya. Na wengi wao hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Walitoka makao ya watoto, au walionekana watundu tu.

Kuna mmoja ambaye habari zake hazinitoki kichwani. Alikuwa mvulana wa kisiwa cha Niue, na barua zake za kwenda nyumbani zilisomwa kwanza na wafanyakazi wa wodi. Basi kwenye barua akachora sura ya mtu, na maneno yanayotoka mdomoni mwa sura hiyo akayaandika kwa Kiniue, lugha ambayo wakaguzi hawakuijua: kwamba anapigwa umeme na maumivu ni makali mno. Nyumbani wakaelewa. Mwishoni mwa 1976 habari ikafika magazetini, na 1977 uchunguzi ukafanyika. Hakuna aliyeshtakiwa wakati huo. Mwaka 2001 serikali ililipa fidia kwa kundi la kwanza la wahanga, lakini neno mateso halikukubaliwa mpaka 2024. Daktari mkuu wa kitengo kile alikufa Januari 2022 nchini Australia, hajawahi kusimama kizimbani.

Kwa nini miaka karibu hamsini? Kwa sababu mtoto mwenye faili la wodi ya akili akisema kateswa, ushahidi wake umeshafutwa kabla hajamaliza kusema. Hili nimeliona mwenyewe, maana nimekuwa afisa ustawi wa jamii katika mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, mpaka nilipostaafu.

Huku kwetu kifafa hutibiwa kliniki ya afya ya akili, kwa hiyo mtoto wa kifafa anaweza kujikuta amelala wodi moja na watu wazima waliochafukwa. Nilimfahamu kijana wa Tandahimba aliyelazwa hivyo akiwa na miaka 11, mbali na kwao. Alikunja mikono ya shati akanionyesha vifundo: ngozi imepauka na kubonyea kuzunguka mkono mzima, pale alipofungwa kwa kitambaa cha shuka kwenye chuma cha kitanda. Cheti chake cha kuruhusiwa kiliandikwa kwamba amepata nafuu, basi. Aliporudi alimweleza mama yake, mama akapeleka neno kwa mjomba, kama ilivyo desturi. Mjomba akajibu: "Huyo alikuwa hajitambui, atakumbuka nini?" Shauri likaishia hapo.

Najua watu watasema wauguzi ni wachache na usiku mmoja hubaki na wodi nzima. Ni kweli, na nimefanya kazi na wauguzi ambao mpaka leo nawaombea dua. Lakini uchache wa wauguzi haufungi mtoto mpaka ngozi ife. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, wala haikusema isipokuwa wagonjwa.

Mahakamani wengi wao wamechelewa. Sheria ya Ukomo, ile inayoweka mwisho wa muda wa kufungua kesi, inatoa miaka 3 tu kwa madai ya madhara, na mtoto wa jana ameitumia miaka hiyo kutafuta mtu wa kumwamini. Ndiyo maana naiomba Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo Katiba imeipa kazi ya kupokea malalamiko ya uvunjaji wa haki, ije kukaa kusini na kuwaandika watu hawa. Isiishie Mtwara na Lindi mjini. Ifike Newala, Masasi, Nachingwea, Liwale. Ije na watu wanaosikia Kimakonde, Kimwera na Kiyao, kwa sababu kuna aibu ambayo mtu hawezi kuitamka ila kwa lugha ya nyumbani. Na mtu asihojiwe kwenye chumba cha hospitali, wala ndugu asikae pembeni yake. Mara nyingine ndugu huyo ndiye aliyempeleka.

Kabla ya yote hayo, mafaili. Wale wa Lake Alice walisaidiwa na rekodi za wodi yenyewe, ambamo wauguzi waliandika shoti na sindano kwa mikono yao. Za kwetu ziko stoo zinaliwa na mchwa, na ofisi ikihama nimeshuhudia rejista nzima zikitupwa shimoni na kuwashwa moto pamoja na maboksi ya dawa zilizokwisha muda. Jina la yule kijana, tarehe aliyolazwa na aliyekuwa zamu usiku ule vimo kwenye daftari kama hizo, kama bado zipo. Kuagiza zisichomwe hakuhitaji bajeti wala mradi. Waganga wakuu wa mikoa yetu miwili wanaweza kuandika agizo hilo wiki hii.

Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Chikongola, Mtwara