Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Watumiaji wa Maji, Laikipia

Ndugu wanachama,

Upandaji wa miti, ukarabati wa uzio wa chemchemi na zamu za maji wakati wa kiangazi vilifanyika kama kawaida, nanyi mlikuwepo, kwa hiyo sitavirudia. Nitaeleza kwa kirefu uamuzi wa kamati wa kununua ramani ya zamani kabla ya kuzoa matope bwawani, uamuzi unaolalamikiwa zaidi sokoni kuliko mkutanoni.

Ramani hiyo, ya kipimo cha 1:50,000, ni miongoni mwa zilizochorwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Sentimita 2 ni kilomita 1, hivyo bwawa la mita 100 ni doa la buluu la milimita 2, na asiye na miwani hulipita. Hata hivyo, katika ardhi iliyokuwa ranchi, kijito kimoja kina madoa matatu, ilhali sisi tunayajua mabwawa mawili. La tatu tulilikuta pale pale: tuta limemomonyoka, na nyuma yake migunga imeota juu ya udongo uliojaa hadi ukingoni. Bwawa hilo la juu ndilo lililokuwa likikamata udongo. Tungezoa matope ya bwawa la chini peke yake, yangerudi baada ya misimu michache. Nililisisitiza hilo tangu mwanzo, na kumbukumbu za vikao zipo.

Lililowaudhi wengine ni kwamba kijito hicho kimechorwa kwa mstari uliokatika-katika, alama ya mto wa msimu, tofauti na Ewaso Ng'iro wenye mstari mzima. Kilikuwa kikikauka tangu enzi hizo, kabla jirani zetu wa juu hawajafunga pampu hata moja. Ndiyo maana nilikataa kutia saini malalamiko dhidi yao. Kusema nimenunuliwa ni kunionea, kwani ramani ilichorwa kabla sijaanza kuchunga ndama.

Nakala na usafiri viligharimu shilingi 9,400 na mpimaji shilingi 30,000. Ada iliyokusanywa ni shilingi 82,000, yaani shilingi 2,000 kutoka kwa kila mmoja wa wanachama 41 waliolipa, kati ya 118. Wanaopiga kelele kuhusu hizo 39,400 wengi wao wamo katika 77 waliosalia. Mkutano wa Julai akidi haikutimia. Tulikunywa chai tukarudi nyumbani.

Mwaka ujao, Mungu akipenda na ada ikipatikana, tunatarajia kuomba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji ili tuanze na bwawa la juu. Ramani imetundikwa ofisini, na mwanachama yeyote anakaribishwa kuitazama, mradi asiiguse kwa kalamu.

Mwenyekiti