Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kazi za mazimwi, ada, na lile suala la Mokowe

Assalamu alaykum ndugu wanachama wa chama chetu cha kuondoa mazimwi hapa Lamu, wa Mkomani, Langoni, Shela, Matondoni na nyinyi wa ng'ambo Mokowe.

Nawaandikia manake kwenye mkutano wa mwaka tulikuwa watu 9, na katika hao 9 wawili walifuata biriani tu, wakaondoka kabla hesabu hazijasomwa. Kwa hivyo yote haya hapa, asije mtu akasema hakuambiwa.

Kazi za mwaka mnazijua sitazirefusha. Kandarasi 14, tumelipwa zote 9, nusunusu 3, za bure mbili za jamaa na jirani. Chatu wa chooni Shela, popo wa darini ambao mwenye nyumba alishaapa ni jini, ile sauti ya birikani Matondoni (paka! Lamu nzima imejaa paka lakini huyo mmoja ndiye aliyekuwa zimwi), turubai limeshonwa, Maulidi tulitoa vijana 6 wakapanga majamvi. Basi.

Sasa Mokowe, manake najua ndiyo inayosemwa barazani na mimi nikipita watu wananyamaza.

Mzee mmoja mfugaji alinipigia mimi, sio katibu, mimi, akasema mbuzi 7 wamekwenda kwa siku 10 na kijiji kizima kinasema ni nunda, lile zimwi la hadithi. Tukapatana elfu 60, akatuma advansi elfu 20 kwa simu, baki kazi ikiisha. Karatasi ya mapatano niliiandika kwa mkono wangu na nliandika "kuondoa kinachokula mbuzi", sikuandika "kuua nunda", na hapo naomba mpashike.

Kazi yetu inaanza kwa kuuliza, hili vijana wa siku hizi hawalitaki, wao wataka mkuki kwanza. Niliwauliza watu mmoja mmoja, kila mtu kwake, manake ukiwauliza pamoja wa pili atasema alilosema wa kwanza na kuongeza pembe. Mmoja akasema lina mato kama taa. Mwengine lacheka usiku kama mwanamke. Mtoto mmoja wa madrasa, huyo ndiye aliyenipa kazi yote, akasema "mgongo wake umelala nyuma kama umeteremka". Alfajiri kabla upepo haujafuta mchanga nikaenda kuangalia nyayo, nikakuta kucha zimeandika. Sasa nunda wanavyolisimulia wazee ni jamii ya paka, lile la hadithi lilianza kuwa paka wa sultani, na chui ama simba akitembea kucha anazificha. Na hizi nyayo za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Mbele kidogo kinyesi cheupe kama chokaa, nikakiokota nikakivunja, vipande vya mifupa na nywele za mbuzi. Mweka hazina alikuwepo akatapika, sisemi kwa ubaya.

Usiku tukamfunga mbuzi mmoja na kengele. Zamu iliandikwa watu 5, wote mlisaini. Tuliolala pale ni mimi na mweka hazina, watatu walipanda boti ya mwisho, mmoja akasema mtoto ana homa, nimepokea, wawili mpaka leo sijasikia neno. Saa nane hivi mbuzi akaacha kutafuna. Kengele haikulia, alisimama tu kimya mdomo umejaa majani. Nikawasha tochi, mato mawili ya kijani, na nyuma yake fisi jike mkubwa, sikio limechanika, mguu wa mbele umekatwa na waya wa mtego wa mtu na waya bado umezama mle ndani. Hawezi kukimbiza kitu porini huyo, ndio akaja kwa mbuzi wa watu.

Mkuki nlikuwa nao. Sikuutumia, na huo ndio uamuzi wangu na nausimamia. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977 na sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi, chama kingefungwa na mimi ndani. Asubuhi nikawaita watu wa wanyamapori wakaja na kizimba wakamchukua, na siku hiyo hiyo nikamwonesha mzee namna ya kupandisha boma la miba lisiwe na tundu chini.

Mzee akasema yeye alilipia nunda, hakulipia fisi, akagoma elfu 40. Baadaye katoa 10. Nanyi mkaanza, mwenyekiti katupotezea elfu 30, angeua akakata sikio akasema ndilo nunda nani angejua. Jamani. Kwanza sikio lenyewe lilikuwa limeshachanika. Pili, fisi yumo kwenye orodha ya serikali ya wanyama wa fidia, mzee akiandikisha mbuzi wake waliliwa na fisi ana pa kuanzia, lakini nunda halina fomu. Ningemdanganya ningemnyima hata hilo. Nimemweleza mara tatu, nadhani ya tatu kaelewa.

Na mnaosema tuchukue pesa zote mwisho, kumbukeni Fumo Liongo, yule shujaa wa hadithi asiyeingia silaha. Mishale ilishindwa mpaka mwanawe akaulizia siri, sindano ya shaba ya kitovu, huyo mwana akaahidiwa ufalme na maadui, kazi ilipoisha wakamuua na yeye. Hakuchukua advansi. Mimi nlichukua.

Mafuta ya boti 4,500 nimetoa mfukoni, sidai, nasema tu.

Ada sasa. Wanachama 34, mia mbili kwa mwezi, kwa mwaka ingekuwa 81,600. Zimeingia 23,400. Wallahi bei ya vikombe vya kahawa chungu, na kuna mtu hajalipa tangu mwaka juzi na ndiye anayeongea zaidi kuhusu elfu 30. Za kandarasi zimeingia 187,000, matumizi yote 171,500, kwa hivyo ukijumlisha na ada tumebaki na 38,900. Risiti ziko kwa mweka hazina, aje anayetaka kuona, sio kuuliza kwa mdomo njiani.

Mwakani Mungu akipenda tutatafuta mashua yetu wenyewe, na kiofisi, na kama hali itaruhusu jaketi, tutaona. Uchaguzi utakuwa baada ya Ramadhani ama kabla, katibu atatangaza. Mimi sijasema nagombea na sijasema sigombei.

Na ile tochi kubwa ya chama, aliyeichukua siku ya Maulidi airudishe, ile nlotumia Mokowe ilikuwa ya mke wangu na betri zimekufa.