Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Bustani ya Mtaa na Ruzuku ya Kuchangiana

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu. Mambo ya kawaida ya jumuiya yetu, yaani misiba tuliyoshirikiana, ada, na madarasa ya Kiswahili ya watoto, yameelezwa katika taarifa ya katibu, na hesabu zote zimo katika taarifa ya mweka hazina ambayo kila mmoja wenu amepewa nakala. Nimeona nafasi yangu niitumie kueleza jambo moja lililochukua sehemu kubwa ya nguvu zetu, nalo ni bustani ya mtaa hapa kusini-mashariki mwa jiji la Seattle, Marekani, na ruzuku ya kuchangiana iliyoiwezesha. Nafanya hivyo kwa sababu tulikaribia kuipoteza ruzuku hiyo kwa kosa letu wenyewe, na kwa sababu kamati inaomba ridhaa yenu ili iombe nyingine.

Kwa wale waliojiunga karibuni, naomba nianze na chanzo cha fedha. Jiji la Seattle lina mfuko uitwao Neighborhood Matching Fund, ulioanzishwa mwaka 1988 na kutoa ruzuku zake za kwanza mwaka 1989 kwa bajeti ya dola 150,000, ambayo kufikia mwaka 2001 ilikuwa imekua hadi dola milioni 4.5. Mfuko huo uko chini ya idara ya jiji inayoshughulikia mitaa, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza, Jim Diers, aliiongoza kwa miaka 14 hadi mwaka 2002. Msingi wake ni kwamba wakazi wenyewe ndio wanaobuni mradi na kuutekeleza, na jiji linatoa fedha kwa kulinganisha na kile wakazi walichokitoa. Mchango wa wakazi si lazima uwe fedha taslimu. Unaweza kuwa kazi ya kujitolea, ambayo kila saa yake hukadiriwa thamani, au vifaa vilivyotolewa bure, au huduma ya fundi na mtaalamu ambaye angestahili kulipwa. Wengi wenu mmewahi kupiga picha na lile zimwi la zege lililoshika gari aina ya Volkswagen chini ya daraja la Aurora, mtaani Fremont; nalo lilijengwa mwaka 1990 kwa msaada wa mfuko huu huu, baada ya wakazi kuchoshwa na hali ya uchafu na uhalifu mahali pale.

Nilipouelewa utaratibu huo kwa mara ya kwanza nilifurahi kwa dhati, na bado nafurahi. Sisi ni watu wenye kipato kidogo, na wengi wetu hufanya kazi za zamu mbili. Jumuiya ingetakiwa kuweka fedha mezani kabla ya jiji kuweka zake, tusingethubutu hata kuchukua fomu. Kinyume chake, chukulieni kwa mfano kwamba saa moja ya kazi imekadiriwa kuwa dola 20. Watu 15 wakifanya kazi kwa saa 4 Jumamosi moja, wametoa mchango wa dola 1,200 bila mtu yeyote kugusa mfuko wake. Jasho tunalo, na tangu utotoni tumefundishwa kulitoa bila kuombwa mara mbili.

Masharti mengine yalitubana kidogo, nami nayataja kwa kifupi. Taasisi za dini haziwezi kuomba, ndiyo maana kamati ilisisitiza kwamba ombi liandikwe kwa jina la jumuiya ingawa mikutano mingi ilifanyika katika ukumbi tuliokopeshwa na wenzetu wa dini. Mradi lazima uwe wazi kwa kila mtu bila malipo, kwa hiyo bustani si mali ya wanachama peke yao. Tena, lazima uwe ndani ya mipaka ya jiji, na hili liliwauma wengi, maana kodi za nyumba zimewasukuma wanachama wetu hadi miji jirani ya Tukwila, SeaTac na Kent, na kuna waliouliza kwa haki kabisa kwa nini wasafiri kuja kupalilia mtaa ambamo hawawezi tena kuishi. Nawashukuru kwamba waliuliza, na nawashukuru zaidi kwamba walikuja.

Kiwanja cha kwanza tulichokitaka hatukukipata. Mwenye ardhi alitukubalia kwa mdomo, tukachora ramani, tukawaonyesha majirani, na wiki chache kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ombi akatujulisha kwamba amebadili nia. Hakuwa na wajibu wa kisheria kwetu, kwa kuwa hatukuwa na karatasi. Tulipata baadaye kipande cha ardhi ya umma, safari hii kwa kibali cha maandishi, lakini msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha kutupita.

Sasa nafika kwenye kosa lenyewe. Kazi ilipoanza, Jumamosi tatu za kwanza zilikuwa na watu wengi kuliko siku nyingine zozote za mradi. Tulikata vichaka vya miiba, tukaondoa takataka, tukasawazisha ardhi, na tukasambaza vipande vya mbao kwenye njia. Hakuna aliyesaini popote. Katibu alikuwa na daftari la mahudhurio ndani ya gari lake, na aliponiuliza kama alitoe, mimi ndiye niliyemwambia asubiri, kwa kuwa niliona haya kumsimamisha mzee aliyeshika koleo na kumtaka aandike muda aliofika. Tulipoketi kuandaa ripoti ya kwanza ya kulinganisha michango, saa zile hatukuweza kuzithibitisha, na kazi kubwa kuliko zote tuliyoifanya haikuingia kwenye hesabu. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na lawama naipokea.

Hata hivyo naomba tulielewe jambo lililokuwa nyuma ya haya ile, kwa sababu si langu peke yangu na litajirudia. Kila mmoja wetu alikuja na jina lake la kazi ya pamoja. Waliotoka Kenya wanasema harambee, neno lililoandikwa hata kwenye nembo ya taifa lao. Wenzetu wa Kilimanjaro na Tanga wanaijua msaragambo. Kutoka Rwanda tuna umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika mila hizi mtu huja kwa sababu ni jirani, na kumwandikia saa kunafanana na kumwambia kwamba hutamkumbuka kesho. Upande mwingine, wazee wetu kutoka Congo waliniambia waziwazi kwamba daftari linawakumbusha salongo ya enzi za Mobutu, ambapo kazi ya pamoja ilikuwa ya lazima na kutokuonekana kulikuwa na adhabu. Mzee mmoja alifanya kazi kwa Jumamosi nne mfululizo bila kukubali jina lake liandikwe, na hatukumlazimisha.

Kamati ilijadili suala hili kwa jioni mbili nzima. Tulichokubaliana ni kwamba daftari libadilishwe sura: badala ya kila mtu kusaini peke yake kwenye lango, karani mmoja kijana anapita wakati wa chai, anauliza na kuandika, kisha mwishoni mwa siku anasoma majina yote kwa sauti mbele ya watu na watu wanapigiwa makofi. Lililokuwa karatasi ya ukaguzi likawa shukrani ya hadharani. Kuanzia hapo hatukupoteza hata saa moja, na yule mzee, baada ya kusikia majina ya wenzake yakisomwa mara mbili, alimwita karani mwenyewe.

Kusomwa kwa majina kulifichua jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko lile la kwanza. Wiki ya pili ya utaratibu huo mama mmoja aliuliza mbona majina yote ni ya waliochimba. Kina mama waliokuwa wameamka alfajiri kupika wali na maharage ya watu wote, wasichana waliokuwa wakitafsiri kati ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali na Kiingereza ili majirani waelewane, na waliolea watoto wa wafanyakazi chini ya hema, hawakuwamo. Tulikuwa tumehesabu koleo tukasahau sufuria. Tulimwandikia msimamizi wa ruzuku yetu kuuliza, na tukajibiwa kwamba kazi yoyote ya kujitolea ambayo mradi unaihitaji inaweza kuandikwa mradi iwe na jina, tarehe, muda na sahihi. Mwanachama wetu fundi seremala naye, aliyekuwa ameandikwa kama mfanyakazi wa kawaida, aliandikwa upya kwa kiwango cha huduma ya kitaalamu. Saa hizi ndizo zilizoziba pengo la Jumamosi zile tatu. Nawaomba akina mama na mabinti waliohusika wapokee samahani ya kamati, maana tulizitafuta saa zao tulipokuwa na shida nazo, ilhali tulipaswa kuziona tangu siku ya kwanza.

Kuhusu bustani yenyewe, matuta 12 yaliyoinuliwa kwa mbao yamekamilika, mawili kati yake yakiwa na kimo cha kumwezesha mzee kupalilia akiwa ameketi. Sukuma wiki imestawi kupita matarajio, kwa kuwa baridi ya hapa haiitishi. Mchicha ulikubali kuanzia Juni. Matembele yalihitaji kufunikwa kwa plastiki na bado yalidumaa, na kwa wale wanaoendelea kuniuliza kuhusu sombe, muhogo hauwezi kuvumilia majira yetu ya baridi. Majirani wa Kivietinamu wanaolima tuta la mwisho wametufundisha namna ya kukinga miche dhidi ya konokono, nasi tumewapa mbegu za maboga ambayo majani yake huliwa.

Fedha za jiji zililipwa baada ya sisi kuwasilisha risiti, na kwa miezi kadhaa mbao na udongo vilinunuliwa kwa fedha za mifuko ya wanachama wanne waliosubiri kurudishiwa. Wote wamekwisha kulipwa. Kamati haioni kuwa ni haki kuwategemea watu wale wale tena, kwa hiyo inapendekeza sehemu ya ada ya mwaka ujao itengwe kuwa fungu la kutangulizia malipo, na pendekezo hilo litapigiwa kura leo.

Pendekezo la pili ni kuomba ruzuku kwa awamu inayofuata, yaani paa la kujikinga na mvua, mabenchi, na bomba la maji lenye kufikika kwa wanaotumia viti vya magurudumu. Kamati itakubali kuliandika ombi hilo kwa masharti matatu tu: kwamba pawepo makarani wawili wa mahudhurio waliochaguliwa na mkutano huu, angalau mmoja akiwa mwanamke, kwamba makubaliano yoyote na mwenye ardhi, jirani au mfadhili yawe ya maandishi kabla ya ramani kuchorwa, na kwamba usafiri wa wanachama wanaoishi Tukwila, SeaTac na Kent upangwe na jumuiya, wasiachwe wajitegemee kwa mabasi ya Jumamosi asubuhi.

Hati za ahadi ya saa za kujitolea ziko mezani kwa katibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Asiyependa kuandika anaweza kumtajia karani saa zake, naye atamwandikia na kumsomea kabla ya kusaini. Tunaomba zijazwe kabla ya kura kupigwa, kwa sababu ukubwa wa ombi tutakaloliandika utafuata jumla ya saa hizo.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji