Kina mama, msituambie tukaze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na kina mama, na wasusi wenzangu pia, kuhusu nywele za mbele za watoto wetu wa kike, zinavyokwisha kwa misuko ya kukaza.

Nasuka hapa Ngamiani, Tanga, tangu nikiwa binti, na sasa nawasuka watoto wa wale niliokuwa nikiwasuka wadogo. Wengi wa mama hao wakivua ushungi, juu ya paji na pembeni mwa masikio hamna kitu. Wananiuliza mafuta gani yatazirudisha. Ukifungua simu siku hizi matangazo yamejaa: maji ya karafuu, juisi ya kitunguu, mafuta yaliyochanganywa na hiki na kile, picha ya kabla na picha ya baada. Mwanamke anatoa hela yake, anapaka miezi, halafu anakuja kusuka rasta, na neno la kwanza akishakaa kwenye kigoda ni, "Kaza dada, nataka zikae."

Sababu naielewa. Kusuka ni hela, na ni kushinda umekaa kutwa nzima. Anayelipa anataka mwezi na nusu upite bila rasta kuchakaa. Msusi naye anaogopa kuonekana hajui kazi, kwa hiyo tunashindana kukaza. Lakini kukaza siko kunakozifanya zikae. Rasta hufumuka kwa sababu shina lilishikwa vibaya mwanzoni, au umetwisha nywele chache mzigo mkubwa wa nywele bandia, au mwenyewe analala kichwa wazi bila kufunga kitambaa. Mkono unaojua kazi hushika unywele bila kuvuta ngozi.

Mkesha wa Idi ndio unaoniumiza zaidi. Barazani watoto wamejipanga mikekani, mtoto wa miaka minne amebanwa kati ya magoti ya msusi, anasukwa twende kilioni na nywele bandia zinamfika kiunoni. Akilia anaambiwa avumilie, atapendeza. Mtazame akiinuka: nyusi zimepanda, macho yamevutwa pembeni, na kwenye mstari wa nywele ngozi imeinuka vinundu vinundu, kila shina la msuko na kinundu chake. Kesho yake baadhi ya vinundu vina usaha. Usiku hapati pa kulaza kichwa, analala kifudifudi, mama anampa kidonge cha maumivu ili asubuhi avae gauni lake. Tunajipa moyo kwamba siku ya tatu atazoea. Maumivu yanapoa kweli, ila mzizi uliovutwa siku tatu umeshaumia.

Binti yangu anasomea uuguzi, na ndiye aliyenieleza kinachoendelea ndani. Kila unywele umeota katika kifuko chake kwenye ngozi. Ukivutwa bila kupumzishwa, kifuko kinavimba. Ukiacha mapema kinapona na nywele zinarudi, ingawa itachukua miezi, maana nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Ukiendelea mwaka baada ya mwaka, kifuko kinageuka kovu, na kovu halioti nywele hata ulipake nini. Ndiyo maana utasikia mafuta fulani yamemfaa binti wa miaka 16 na kumshinda mama yake. Yule binti aliacha kusuka wakati anapaka, na mapumziko hayo ndiyo yaliyomponya.

Upara wa namna hii una alama yake. Mara nyingi mbele kabisa hubaki ukingo mwembamba wa vinywele vifupi, vile ambavyo vidole vya msusi havikuweza kuvishika, na nyuma yake ndipo pamekuwa peupe. Ukiona hivyo kwa mwanao, huhitaji kumtafuta mchawi.

Wapo wanaosema nywele zetu za kipilipili ndizo dhaifu. Mwaka 1907 upara huu ulikwisha kuelezwa kwa wanawake wa Greenland, watu wa nywele za singa, kwa jinsi walivyokuwa wakibana shungi kwa nguvu. Na karibu zaidi na sisi, Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walikagua vichwa vya wanafunzi na wanawake wa Kiafrika, wakachapisha matokeo mwaka 2007. Wasichana wa shule 17 katika kila 100 walikuwa nao tayari, na kwa watu wazima ni karibu theluthi moja. Binti yangu aliponisomea hayo nilikosa raha siku nzima. Wataalamu hao waliona pia kwamba hatari inazidi kwa mtu anayetia dawa ya kulainisha kisha akasukia juu yake.

Hilo la dawa ndilo ninalobishana nalo kila siku. Dawa hunyoosha unywele kwa kuvunja viungo vinavyoupa nguvu na umbo lake. Nyingi zina sodiamu haidroksaidi, yaani ile kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Unywele uliotoka kwenye dawa umelegea, na bado mteja anatoka kuoshwa saa nne, saa sita yuko kwangu anataka rasta ndogo ndogo. Nakataa. Mwenye kutaka dawa apake zile nywele mpya zilizoota tu, kila baada ya miezi miwili au mitatu, na akae angalau wiki mbili kabla ya kusuka. Mtoto asitiwe kabisa.

Mengine ni mazoea ya nyumbani. Tunachana nywele kavu kwa kitana cha meno membamba kuanzia kwenye shina, wakati chanuo la meno mapana, nywele zikiwa na unyevu na mafuta, kuanzia ncha kurudi juu, lingemaliza kazi bila kilio. Tunabana kishungi kwa mpira mahali pale pale kila siku, juu yake kofia ya ndani ya ushungi inayobana mle mle, tena nywele zikiwa bado mbichi. Hamisha fundo, na acha nywele zikauke kwanza.

Kuna na maji ya moto. Wasusi wenzangu, kuchovya ncha za rasta kwenye maji yanayochemka huku mtoto amekaa mbele ya sufuria, mgongo wazi, ni jambo la kuliacha leo. Nimeshuhudia mgongo ulioungua. Kama ni lazima, mtu mzima ashike mtoto, taulo nene mgongoni, na maji yawekwe mbali na miguu ya watu.

Kwa mafuta, hapa Tanga hatuna sababu ya kuhangaika. Mafuta ya nazi tunayopika wenyewe huingia ndani ya unywele, tofauti na mafuta mazito ya mgando yanayokaa juu. Paka usiku, osha asubuhi, utaona nywele zinazobaki kwenye chanuo zimepungua. Upara hayauponyi, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Mtoto msukeni mabutu makubwa machache, au uzi uliolegezwa, bila nywele bandia. Acheni nje vile vinywele vya ukingoni, msuko uanzie nyuma kidogo. Mimi nikimaliza namwambia mtoto akunje uso, ainue nyusi, acheke. Akishindwa, nafumua palepale hata mama akinuna. Baada ya wiki mbili zifumuliwe. Mtu mzima asipitishe wiki nane, na akifumua apumzike kabla ya kurudi kwenye kigoda, na safari inayofuata abadilishe mistari.

Vyuo vya ufundi vinavyofundisha ususi naviomba viwafundishe wanafunzi ngozi ya kichwa pamoja na mitindo, kwa sababu msusi ndiye wa kwanza kuona pale panapoanza kupukutika, miaka kabla mwenyewe hajaona kwenye kioo. Akisema mapema, daktari wa ngozi bado ana la kufanya.

Na mama ambaye mwanawe amerudi leo kutoka kusukwa na anashika kichwa, asingoje asubuhi. Hela imeshatumika, isikuzuie. Mfumue ile mistari ya mbele usiku huu huu, kisha mwangalie kwenye mwanga mzuri. Ukikuta usaha, fumua kichwa kizima na kesho umpeleke kituo cha afya.

Msusi wa Ngamiani,
Tanga