Mhusika hageuzwi kwa machozi

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa runinga una mazoea ya kuandika kwamba mwandishi "amemgeuza" mhusika, kila mara watazamaji wanapoanza kumpenda waliyemchukia juzi. Neno hilo linapotosha. Katika tamthilia zilizoifanya kazi hiyo vizuri, mhusika ni yuleyule. Kilichobadilika ni kile tunachokijua juu yake, na wakati tulipoambiwa.

Mtazameni Jaime Lannister wa Game of Thrones. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mwaka 2011, anamsukuma mtoto dirishani. Mwaka 2013, msimu wa 3 sehemu ya 5, yumo bafuni akimweleza Brienne, mpiganaji wa kike aliyekuwa akisafiri naye, kwa nini alimuua mfalme aliyekuwa ameapa kumlinda: mfalme huyo alikuwa ameamuru mji mzima uteketezwe. Wengi husifu maelezo hayo. Sifa kubwa zaidi inastahili mpangilio. Jaime alikatwa mkono katika sehemu ya 3, kwa hiyo anapofungua kinywa hana tena upanga wa kujivunia, ni mgonjwa, na anayemsikiliza ni mwanamke aliyekuwa akimdharau. Hana cha kuchuma hapo. Hebu pindueni: aungame kwanza, akatwe baadaye. Maneno yaleyale yangesikika kama utetezi wa muuaji, na mkono ungeonekana malipo yake halali.

Tena yule mtoto aliyesukumwa dirishani hafutwi. Hatembei, na msimu baada ya msimu tunamwona hatembei. Waigaji ndipo wanapoharibu: wanapachika kisa cha utoto wa mateso na dakika tatu za muziki wa huzuni, kisha waliodhulumiwa wanatoweka kimyakimya kwenye hadithi. Mtazamaji hasamehe hapo, anahisi amelaghaiwa.

Kuficha nako kuna kanuni yake. Katika Lost, mwaka 2004, msimu wa 1 sehemu ya 4, tunarudishwa kwenye maisha ya Locke, mmoja wa manusura waliokwama kisiwani, kabla ya ajali ya ndege. Kila tunapomwona huko nyuma ameketi: ofisini, mezani kwenye mchezo, kitandani akiongea na simu. Mwishoni tu ndipo kiti cha magurudumu kinapoonekana, na yule mzee wa ajabu mwenye visu, anayetembea vizuri kisiwani, anakuwa mtu mwingine machoni petu. Kamera haikusema uongo, ilichagua tu mahali pa kukatia picha. Angesimama hata mara moja katika maisha hayo ya nyuma, hata kwa sekunde mbili, jengo lote lingeanguka pale mtu atakaporudia kuitazama.

Kumshusha anayependwa kunahitaji mkono tofauti. The Sopranos, mwaka 1999, msimu wa 1 sehemu ya 5, inamwonyesha Tony, mkuu wa genge la mafia, akimtembeza binti yake kutafuta chuo, na katika safari hiyohiyo anamnyonga kwa waya msaliti wa genge. Baba na muuaji wanakaa katika sehemu moja ili tusipate nafasi ya kuwatenganisha. Breaking Bad, mwaka 2009, msimu wa 2 sehemu ya 12, ni kali zaidi, maana Walter, mwalimu wa kemia aliyegeuka mtengeneza dawa za kulevya, hafanyi kitu. Jane, mpenzi wa mshirika wake, anapaliwa na matapishi usingizini; Walter anakimbilia kumwokoa, anasita, anabaki akitazama. Ile hatua ya kwanza ndiyo inayommaliza. Bila hiyo tungeweza kudai alipigwa na bumbuwazi, lakini sasa tunajua aliujua wajibu wake. Stelingi wetu analia, na machozi hayo hayamsafishi.

Basi mchambuzi wenu, kabla ya kuandika "amegeuzwa", arudie sehemu mbili tatu za nyuma atafute kama mbegu ilikuwepo. Ikiwepo, aitaje ilipo. Isipokuwepo, alaumu muswada, asimlaumu mwigizaji, maana mwigizaji anaigiza alichoandikiwa.

Na ombi jingine dogo: acheni kuweka siri ya sehemu kwenye kichwa cha habari asubuhi inayofuata. Iwekeni aya ya tatu, mkitanguliza onyo.

Mpenzi wa tamthilia