Risala ya Wafanyabiashara wa Vifaa vya Ujenzi, Makambako, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Ndugu Meneja wa Mamlaka ya Mapato, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, wazee wetu, wafanyabiashara wenzangu, mabibi na mabwana,

Kamwene!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuuitikia mwaliko wetu. Umefika kabla ya nusu ya wanachama wetu, jambo ambalo mwenyekiti amesema atalishughulikia ukishaondoka.

Kikundi chetu kilianza na watu tisa waliokuwa wakichangia nauli ya lori moja la mzigo kutoka Dar es Salaam. Leo tuko 41. Tunauza saruji, nondo, mabati, rangi, nyaya za umeme na vifaa vya mabomba. Mji wetu ni njia panda, barabara ya Mbeya na ya Songea zinaachania hapa, kwa hiyo fundi wa kijijini anayejenga choo cha shule na mkandarasi wa ghorofa wote wanatupitia. Tuna mfuko wa kusaidiana, tumezikana na tumeozeshana. Hayo yako kwenye taarifa uliyokabidhiwa, sitayarudia. Tumekuita kwa jambo moja tu, nalo ni risiti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine za EFD, hizi za kutoa risiti za kielektroniki, zilipoanza mwaka 2010 zilikuwa za wakubwa waliosajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, sisi tukazitazama kwa mbali. Zilipotufikia wadogo mwaka 2013, tulizikataa. Mwishoni mwa mwaka ule na mwanzoni mwa 2014 maduka yalifungwa katika miji kadhaa nchini, na kilio kikubwa kilikuwa bei ya mashine. Leo kilio kile hakina nguvu tena, maana ipo VFD, mfumo usiohitaji mashine, mtu anatoa risiti halali kwa simu yake. Na kiwango cha sheria kinajulikana: ukiuza kuanzia milioni 11 kwa mwaka, unatakiwa kutoa risiti ya kielektroniki. Ukizigawa kwa siku ni kama shilingi elfu thelathini. Mifuko miwili ya saruji inakuvusha. Kwa hiyo humu ukumbini hakuna wa kusema sheria hii ni ya jirani.

Kabla hatujaomba chochote, tuungame. Wapo miongoni mwetu waliokuwa wakimuuliza mteja, "Unataka risiti?" kama vile wanamuuliza anataka chai. Wapo walioandika elfu hamsini kwa mzigo wa laki tano. Wapo walioacha kutoa Z, ile ripoti ya kufunga mauzo ya siku, jioni, siku tatu zikapita, wakasingizia umeme hata siku ambazo umeme ulikuwepo. Tumelisema hili kwenye vikao, kwa sauti za juu, na mambo yamebadilika. Kila Alhamisi jioni kijana wetu mmoja, mtoto wa muuza rangi, anakaa na wazee dukani kwa mama yake akiwaelekeza: namna ya kuingiza TIN, ile namba ya mlipakodi, ya mteja, namna ya kufunga siku, kwa nini ile alama ya mraba chini ya risiti isikatwe wala kukunjwa.

Somo moja hatukulipata Alhamisi, tulilipata kwa machozi. Mzee wetu mmoja aliuza mabati ya 185,000, kidole kikateleza, ikatoka risiti ya 1,850,000. Akaichana, akaitupa, akatoa nyingine, akajua yamekwisha. Kumbe mashine ilishaituma ile ya kwanza, na mashine haifuti. Kipande cha karatasi ambacho kingemsaidia kujieleza kilikuwa kimeshawashiwa jiko. Siku hizi mwanachama akikosea anaitunza risiti yenye kosa kama hati ya kiwanja, anaandika barua, anaambatanisha. Tumekubaliana hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa naomba unisikilize kwa makini kidogo.

Wote tunaijua kauli ya Mamlaka ya Mapato: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Kauli hii ina miguu miwili. Mguu wa kwanza tunausimamia, na tusiposimama tunasimamishwa. Mguu wa pili ndio unaotuuma.

Mwezi wa nne nilikuwa Kariakoo mimi mwenyewe ninayesoma risala hii. Nilitaka dazeni kumi za koki za maji. Kijana wa kaunta hakuinua hata macho kutoka kwenye kikokotoo. "Mama, na risiti au bila?" Bila risiti dazeni ni 90,000. Na risiti anaongeza asilimia 18 ya VAT juu yake, inakuwa 106,200. Nikamwambia nataka risiti, kodi hiyo si ya kuongezwa mtu anapouliza, ilipaswa kuwamo ndani ya bei tangu mwanzo. Akacheka, kwa upole kabisa, akasema, "Basi lipa ile ile ya 90,000, nikuandikie risiti ya dazeni mbili. Njiani inakutosha." Nilipong'ang'ania ya dazeni kumi, akamwita mteja aliyesimama nyuma yangu.

Sitajifanya malaika mbele yako. Gari la mzigo lilikuwa linafungwa turubai. Nilichukua ya dazeni mbili.

Njiani tulisimamishwa, mzigo ukashushwa, ukahesabiwa. Aliyetakiwa kujieleza usiku ule, kwenye baridi, akiwa ameshika tochi ya simu mdomoni huku akipekua mkoba, ni mimi. Aliyeniuzia alikuwa amelala kwake.

Mtu atasema, hayo ni ya siku moja. Hapana, yanatufuata hadi kwenye hesabu. Mwenzetu ambaye mauzo yake yako kati ya milioni 11 na milioni 100 analipa asilimia 3.5 ya mauzo, na manunuzi hayamsumbui sana. Lakini akivuka milioni 100 anaingia kwenye hesabu kamili, mauzo toa gharama. Tuchukue mfano wa aliyeuza milioni 112. Mzigo, usafiri, pango na mishahara ya vijana vimemla milioni 104. Faida yake ni milioni 8, na kodi ya mtu binafsi kwa faida hiyo haifiki laki sita. Sasa mkaguzi anamwambia, nionyeshe risiti za gharama. Anatoa za milioni 60, kwa sababu Kariakoo kila safari aliandikiwa dazeni mbili. Kwenye karatasi faida yake imekuwa milioni 52. Kodi yake ni milioni 13 na nusu.

Milioni 13 na nusu, Mheshimiwa, kwa mtu aliyepata nane.

Mkaguzi hakumwonea. Anafuata karatasi, na hata sisi tungekuwa yeye tungefuata karatasi. Ila ndiyo maana wapo wenzetu wanaoogopa kukua. Mauzo yakikaribia milioni 100 mwezi wa kumi, mtu anaanza kuficha risiti, si kwa tamaa, bali kwa kuiona ile milioni 13 inakuja. Tunawagombeza, lakini tunawaelewa.

Kariakoo ilipofungwa Mei 2023, na tena Juni 2024, tulikaa huku tukisubiri mzigo na kusikiliza redio. Tulisikia sana malalamiko ya waliofunga maduka. Ya sisi tunaonunua kwao hatukuyasikia.

Lipo pia la karatasi yenyewe. Sheria inatutaka tutunze kumbukumbu miaka mitano. Karatasi ya mashine haina wino, inaandikwa kwa joto, na joto hilo hilo linaiharibu. Risiti iliyokaa juu ya friji ya soda miezi sita inarudi nyeupe kama ilivyotoka dukani, na iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari inageuka nyeusi yote. Kikundi tumenunua mashine ya fotokopi, iko kwa mhazini, kila mwanachama anatoa nakala za manunuzi yake bure kila Jumamosi. Tunajivunia mashine ile kuliko tunavyojivunia viti vya plastiki mlivyokalia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu si mengi na hayahitaji bajeti kubwa. Tunaomba utufikishie kilio hiki panapohusika: ukaguzi wa risiti uanzie mzigo unapotoka, kwenye kaunta ya jumla, kabla haujafika kwa mama mwenye tochi mdomoni. Mnunuzi aliyetoa taarifa kwamba amenyimwa risiti, au ameandikiwa pungufu, asihesabiwe kuwa mkosaji wa kwanza. Tungependa pawe na njia ya kutoa taarifa hiyo palepale kwa simu, naye apewe namba ya kumbukumbu atakayoionyesha njiani na kwenye ukaguzi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya yule kijana ainue macho kutoka kwenye kikokotoo.

Tunaomba pia mafundi wa mashine wasogezwe. Mashine ikiharibika Jumatatu, kuipeleka Mbeya au Iringa na kuirudisha ni wiki imekwenda, na mteja wa taasisi hasubiri wiki, anakwenda kwingine. Na Ndugu Meneja, kwa heshima, somo letu la Alhamisi linamhitaji ofisa wako hata mara moja kwa mwezi. Kijana wetu anajua simu kuliko sisi wote, lakini akiulizwa swali la VAT anaanza kukuna kichwa. Chai tutaandaa.

Kwa upande wetu tunaahidi mbele yako kwamba mwanachama atakayekamatwa akiuza bila risiti hatutamchangia faini kutoka kwenye mfuko. Tulipiga kura, wawili tu walikataa, na wote wawili wapo hapa leo.

Mheshimiwa, ukitoka nje utaona meza yenye kitambaa cha bluu. Tumeweka risiti kumi zilizotolewa jana kwenye maduka yetu na risiti kumi tulizopewa tuliponunua mzigo ule ule. Tunaomba uziangalie mbili mbili, na uzihakiki kwa simu yako mwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama.