Kwa nini tunaomba maji ya tumbo, si damu pekee, kwa mgonjwa wa sirosisi ya ini

Mara kwa mara maabara yetu hupokea mgonjwa wa sirosisi (ini lililojaa makovu) ambaye tumbo lake limejaa maji, akiwa na karatasi inayoomba vipimo vya damu peke yake ili ijulikane kama ana maambukizi tumboni. Vipimo hivyo tunavifanya, lakini tuna wajibu wa kueleza kwa nini havitoshi.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini mwili unaposhambuliwa. Ini lililojaa makovu huitengeneza kwa upungufu, hivyo mgonjwa mwenye maambukizi makali anaweza kuonyesha kiwango kisichomshtua mtu. Wakati huohuo, wagonjwa wengi ambao sirosisi yao imeendelea sana huwa na CRP iliyopanda hata pasipo maambukizi. Chembe nyeupe za damu nazo hupotosha, kwa sababu bandama iliyovimba huzipunguza. Prokalsitonini, protini nyingine ya damu inayopanda bakteria wanaposhambulia mwili, tunaiamini zaidi, ila haisemi bakteria wako wapi, kwani nimonia huweza kuipandisha vilevile.

Jibu limo katika maji yenyewe. Nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zikifika 250 au zaidi katika milimita moja ya ujazo, mgonjwa huanzishiwa antibayotiki mara moja, bila kungoja majibu ya kuotesha bakteria, ambayo huchukua siku kadhaa na mara nyingi hayaonyeshi kitu ingawa maambukizi yapo. Ili kupunguza kasoro hiyo, tunawaomba madaktari watie angalau mililita 10 za maji katika chupa za kuoteshea damu palepale kitandani, na kiasi kingine katika kichupa cha kifuniko cha zambarau kwa ajili ya kuhesabu chembe. Sampuli hiyo ifike kwetu mapema, maana ikikaa chembe huharibika na hesabu hushuka isivyo kweli. Maji yakichanganyika na damu ya sindano, tunapunguza nyutrofili moja kwa kila chembe nyekundu 250.

Tunapima pia sukari na protini ya maji hayo. Sukari ikiwa chini ya miligramu 50 kwa desilita na protini ikizidi gramu 1 kwa desilita, tunampigia daktari simu, kwa kuwa huenda utumbo umetoboka na mgonjwa anahitaji daktari wa upasuaji. Kipimo cha kalprotektini, protini inayotoka katika nyutrofili, kwenye maji ya tumbo kinatia matumaini, lakini bado hakijachukua nafasi ya hesabu ya nyutrofili.

Tunafahamu kwamba ndugu wengi huiogopa sindano ya tumboni. Kutokwa damu nyingi baada yake ni nadra, hata kwa wagonjwa ambao damu yao huchelewa kuganda. Kinachotuumiza zaidi ni kumpokea mgonjwa aliyechelewa kwa sababu hakuwa na homa wala maumivu, bali alianza tu kuchanganyikiwa au mkojo wake ulipungua. Mgonjwa wa namna hiyo naye apelekwe hospitali na achotwe maji siku hiyohiyo, ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.